Faini ya Hasira

Ukimkosea Eliana Ezekieli wa Iguguno, usijidanganye kwamba yameisha kwa sababu amekuchekea. Atakukaribisha, atakupa kiti, atakuuliza mama yako anaendeleaje na miguu. Kumbe amekuweka kiporo. Alipokuwa darasa la tano, jirani mmoja alimpiga mbwa wake kwa jiwe. Ilipita miaka saba, jirani akaja kuomba mbegu za alizeti, na siku hiyo baba yake Eliana alikuwa amemwachia binti funguo za stoo. Eliana akamwambia mbegu zipo tele, ila ni za watu wanaopenda mbwa. Mzee wa watu akarudi mikono mitupu, mvua ikiwa imeshaanza. Nakwambia haya mapema ili yatakayofuata yasikushangaze.

Huyu Eliana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amepanga chumba Mandewa, anasoma masoko katika chuo kimoja pale Singida mjini. Kilichokuwa kimebaki ni fildi tu, yale mafunzo kwa vitendo ambayo mwanachuo hupelekwa kazini, halafu msimamizi wa hapo kazini anajaza fomu kusema huyu anafaa au hafai. Fildi yake ya kwanza ilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na duka lilifungwa wiki ya nne, mwenyewe hajulikani alikokwenda. Chuo kikamruhusu arudie. Kurudia ni mara moja. Akianguka tena anadisko, yaani anafukuzwa chuo, anarudi Iguguno na begi lake, na miaka miwili ya darasani inakuwa hadithi ya kuwachekesha mashangazi.

Kwa hiyo bendi ya Alizeti Sound ilipotafuta mtu wa kuitangaza, Eliana hakuuliza maswali mengi. Bendi yenyewe ilikuwa watu sita, wanafanya mazoezi uani kwa fundi wa kuchomelea mageti, na kiongozi wake alikuwa Alute, mpiga gitaa wa Kinyaturu, wa makamo, mwenye sauti nzuri na kitambi cha kujivunia. Alute alikuwa na muhuri wa bendi aliouchongesha kabla hata ya kununua spika. Mtu wa namna hiyo unamjua. Kila mji unaye wake.

"Kwenu wapi, binti?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Iguguno."

"Mnyiramba?"

"Wa baba na mama."

Alute akaliweka gitaa chini, akanyoosha mikono juu. "Jamani, Mungu hamtupi mja wake! Nimeletewa mtumwa wangu mpaka mlangoni!"

Wote wakacheka. Eliana naye akacheka, akamjibu, "Mtumwa ni wewe. Babu yako alikuja kwetu na debe tupu kuomba mtama, na debe hatujalirudisha mpaka leo." Wakacheka zaidi. Ndiyo kawaida ya huku. Mnyaturu na Mnyiramba ni watani, wanaweza kutukanana, kunyang'anyana kofia, hata kuzuia jeneza lisipite mpaka walipwe. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kukasirika. Mwenye kununa mbele ya mtani wake anatozwa faini, na kwa akina Alute faini hiyo ilikuwa jogoo.

Kazi yenyewe aliikuta imekaa vibaya. Matangazo ya Alizeti Sound yalikuwa mabango ya sura ya Alute akiwa amevaa miwani ya jua, yamebandikwa kwa uji wa ngano kwenye kuta za Mandewa. Mbuzi waliupenda ule uji. Wiki haiishi, Alute ameliwa masikio yote. Eliana akaacha habari ya mabango, akachukua daftari na simu, akaanza kuuliza watu swali dogo: bendi mnaikodi lini, na nani anaamua?

Majibu aliyoyapata hayakuwa ya kwenye vitabu vya chuo. Watu walikodi bendi kwa kipaimara, sendofu za kuwaaga mabibi harusi, na harusi zenyewe, na hizo hufanyika alizeti ikishauzwa. Wanaoamua ni akina mama wa kamati, wala si wazee wanaokaa kiti cha mbele. Eliana akawapigia wainjilisti wa sharika moja baada ya nyingine, Iramba yote na Mkalama yote, akaandika tarehe za kipaimara za mwaka mzima. Akaandika na tarehe za minada. Kwenye mnada, Alute alikuwa na mtindo wa kuegesha bajaji ya matangazo upande wa ng'ombe, ambako wanaume wanabishana bei na hawasikii la mtu. Eliana akaihamishia upande wa vitenge na masufuria. Akashuka, akaongea na akina mama mmoja mmoja, akachukua namba zao. Tarehe hizo zote zikawa kalenda ya kurasa kumi na nne, kwa mwandiko wake, na mwezi wa pili bendi ikawa haina Jumamosi ya kupumzika.

Kadiri kazi ilivyozidi kuja, utani wa Alute nao ukaanza kuwa na mifupa ndani. "Mtumwa, lete maji." "Mtumwa, kafue mashati ya bendi." Mteja akija kumuulizia binti wa kalenda, Alute anasema, "Yule? Yule namfuga tu." Eliana anarudisha la kwake, watu wanacheka, siku inakwisha. Yasinta, mwimbaji wa kike wa bendi, aliwahi kumwambia jikoni, "Huyu mtu hakutanii tena, mdogo wangu. Anakupunguza." Eliana akasema anajua, anahesabu wiki tu, zimebaki tatu. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki ya nane akaja Mwalimu Magreth kutoka chuoni kufanya tathmini. Alikuwa mgeni mkoani, kwao Bukoba, ana miezi minne tangu ahamie. Akapewa kiti katikati ya ua, bendi nzima imemzunguka, akafungua faili.

"Mwanafunzi wangu anafanya kazi gani hapa?" akauliza.

Alute akakunja uso kwa heshima zote. "Huyu? Huyu kazi yake kufukuza kuku wasikanyage nyaya. Akimaliza analala. Akiamka anakula. Hawa wa kwao ndivyo walivyo, mwalimu, tunawavumilia."

Ua mzima ukaangua kicheko. Eliana naye akacheka, tena kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu mdogo: mtani akikupiga, unacheka, halafu unampiga. Alikuwa anatafuta la kurudisha alipoona Mwalimu Magreth hacheki. Mwalimu alikuwa anaandika.

"Na hii kalenda ya masoko?" Mwalimu alizishika zile kurasa kumi na nne. "Nimeambiwa ndiyo iliyoibadilisha bendi. Nani aliiandaa?"

Hapa Alute hakukunja uso wala hakutania. Aliitazama kalenda, akamtazama Eliana, akasema taratibu, "Niliitunga mimi. Yeye nilimpa anakili, ana mwandiko mzuri." Kisha akaivuta fomu, akasaini pale palipoandikwa hafai, akapiga muhuri.

Eliana alimkimbilia mwalimu mpaka barabarani. "Mwalimu, yule ni mtani wangu. Yale ya kuku ni utani."

"Na kalenda nayo ni utani?"

"Kalenda ni yangu! Amesema uongo."

"Eliana, nilikuwa nakutazama. Msimamizi wako alisema hufanyi kazi, na wewe ukacheka mpaka ukapiga makofi. Mimi niandike nini?" Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka na jua. "Ameshasaini, ameshapiga muhuri. Kama alikosea, aandike barua mwenyewe, inifikie kabla bodi ya chuo haijakaa tarehe ishirini. Bodi ikishakaa, hakuna mtu wa kukusaidia."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Akarudi uani akamwomba Alute hiyo barua. Aliomba vizuri, kwa adabu, mikono nyuma. Alute akacheka. "Utani hauandikiwi barua, mtani wangu. Na nikiona unanuna, jogoo!" Wenzake walipotawanyika akaacha kucheka, akaongea kwa sauti ya chini. "Eliana, bendi hii ni jina langu. Watu wakisikia kabinti ka fildi ndiko kalikotutoa shimoni, uso wangu nitauweka wapi? Wewe bado mdogo. Utasoma tena."

Kesho yake asubuhi Eliana alikuwa ananunua chapati, redio ya muuza chapati inaongea, akasikia sauti anayoijua. Alute alikuwa anahojiwa. Anaeleza alivyokaa akafikiri, akagundua kwamba mnadani bajaji inafaa kuwekwa upande wa vitenge. Upande wa vitenge! Mtangazaji akamwita mwanamuziki mwenye akili ya biashara. Eliana alisimama pale na chapati mkononi, akamchukia Alute kwa moyo wake wote, bila kujilaumu hata kidogo. Aliichukia hata ile sauti nzuri. Alitaka kumwona ameshuka, watu wakimtazama, hana gitaa la kujifichia wala mzaha wa kumwokoa.

Yasinta akampa ushauri wa haraka. "Namba zote za wateja unazo wewe. Futa. Waambie wale wa kipaimara cha Nduguti bendi imevunjika. Jumamosi mbili tu, atakuja anatambaa."

Eliana aliufikiria ushauri huo siku mbili, na hakukosa kuufurahia. Kisha akaukataa. "Nikifanya kwa siri, atasema mbele za watu kwamba nilikuwa mwizi, na watamwamini. Mimi nataka mashahidi."

"Mashahidi watacheka tu. Ukisema lolote mbele za watu, atasema mtani wangu huyo, na itaishia hapo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha raha. Alute alikuwa amejenga nyumba yake ndani ya utani. Ukimtukana, ni utani. Ukimshitaki, ni utani. Ukilia, unatozwa jogoo. Eliana aliligeuza neno hilo la jogoo usiku na mchana, mpaka siku ya nne akaamka akicheka peke yake, akapanda basi kwenda Iguguno.

Baba yake, mzee Ezekieli, alikuwa anapepeta alizeti uani.

"Baba, naomba jogoo."

"Wa nini?"

"Wa faini. Ya mtani."

Mzee akaweka ungo chini. "Umemkasirikia mtani wako? Mwanangu, hiyo ni aibu."

"Bado sijamkasirikia. Nataka nimkasirikie."

Akamweleza yote, fomu, kalenda, redio. Ezekieli alisikiliza mpaka mwisho. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wengi wakilipa faini kwa sababu wamekasirika, lakini hajamwona mtu aliyelipa kwanza ili apate kukasirika. Akatembea mpaka bandani. "Chukua yule mwekundu," akasema. "Kama ni hasira, isiwe ya kifaranga."

Jumamosi ya tarehe kumi na nane mdogo wa kike wa Alute alikuwa na sendofu nyumbani kwao, kijijini huko Ikungi. Maturubai matatu, wakwe wamekaa upande wao, ukoo mzima wa Alute upande wa pili, na Alizeti Sound mbele. Alute alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Katika kiti cha heshima alikaa baba yake mdogo, mzee Melkizedeki, ambaye ukoo ule ulimtegemea kwa mambo ya mila, pamoja na faini za watani.

Eliana akaingia saa tisa alasiri na jogoo kwapani. Watu walipomtambua wakapiga vigelegele, maana sherehe bila watani huwa haijakolea.

"Mtumwa wangu amekuja!" Alute akasema kwenye kipaza sauti. "Ameleta na mboga!"

Kicheko kikapita maturubai yote matatu. Safari hii Eliana hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Melkizedeki, akapiga magoti, akamweka jogoo miguuni pake.

"Kuku wa nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Wa faini, baba. Mimi ni Mnyiramba wa Iguguno. Nimekuja kumkasirikia mtani wangu Alute, na faini nimelipa kabisa."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mzee Melkizedeki alimtazama jogoo, akamtazama binti. Alitafuta kichwani kama jambo hilo liliwahi kutokea, akalikosa, akatafuta kama kuna mila inayolikataza, akaikosa pia. Akamshika jogoo miguu, akamkabidhi mjukuu wake.

"Faini imepokelewa," akasema. "Kasirika."

Na Eliana akakasirika. Hakupiga kelele. Alisimama wima akaeleza habari ya fomu, ya muhuri, ya redio, ya kurasa kumi na nne, na ya kwamba keshokutwa anafukuzwa chuo kwa kazi aliyoifanya vizuri. Alisema Alute ni mwongo. Alisema Alute ni mwizi wa kazi ya mtoto wa maskini. Maneno hayo watani huambiana kila siku na hayaumi, lakini siku ile jogoo alikuwa amelipwa, na kila mtu pale alijua kwamba yanasemwa kweli. Wakwe walisogeza viti mbele wasikie vizuri.

Alute akajaribu kucheka. "Mtani, leo umeniweza! Mpeni soda!"

"Leo mimi si mtani wako," Eliana akasema. "Nimelipia."

Mzee Melkizedeki akainua fimbo. "Alute. Kalenda uliitunga wewe?"

"Mimi, baba."

"Vizuri. Kipaimara cha Nduguti ni tarehe ngapi?"

Alute akafungua mdomo. Halafu, mbele ya ukoo wake na wakwe wa mdogo wake, akafanya kile alichokuwa amezoea kufanya miezi miwili kila mteja anapopiga simu: akageuka akamtazama Eliana, amtajie. Eliana akamtazama tu, amefunga mdomo, anahesabu kila nukta ya kimya kile na kuifurahia. Alute alisubiri. Jasho likamtoka kwenye ile suti ya rangi ya maziwa. Nyuma yake Yasinta akaweka kipaza sauti chake chini, akasema, "Kalenda ni ya Eliana, mzee. Sote tunajua. Tulinyamaza."

"Leteni karatasi," mzee akasema.

Alute aliandika barua kwenye meza ya keki, yeye kaka wa bibi harusi mtarajiwa, huku shangazi zake wakisoma juu ya bega lake na kumsahihisha. Hakupata nafasi ya kuzungusha maneno. Muhuri alikuwa nao kwenye begi la gitaa, maana hakuwahi kutembea bila huo muhuri, akaupiga. Mzee Melkizedeki akaisoma barua kwa sauti, kila mtu akaisikia, ndipo akampa Eliana.

"Jogoo akishaliwa, hasira imekwisha," akamwambia. "Kesho mtakuwa watani tena."

"Nimesikia, baba," Eliana akasema.

Jumatatu asubuhi barua ilikuwa mezani kwa Mwalimu Magreth. Aliisoma mara mbili, akaita mwalimu mwenzake aisome, kisha akaibana kwenye faili na kulifuta lile neno hafai. Eliana hakudisko. Alimaliza, na leo anatangaza mafuta ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapo mjini, na anapita minada ile ile, upande ule ule wa vitenge. Akina mama wa kamati wakimuuliza habari za bendi huwatajia bendi tatu. Alizeti Sound hailaumu, wala haitaji.

Alute hakufilisika, nisikudanganye. Bado anapiga, ingawa Jumamosi za kupumzika zimerudi, na Yasinta anaimba kwingine. Kilichomkaa rohoni ni kitu kingine. Mwezi wa tatu baada ya sendofu alimwona Eliana mnadani, katikati ya watu, akaona hapa ndipo pa kuyamaliza. Akafungua mikono yote miwili.

"Mtumwa wangu! Njoo unibebee mzigo!"

Watu wa jirani wakageuka, wameanza kutabasamu, wanasubiri jibu. Alute naye alilisubiri. Alikuwa tayari kutukanwa babu yake, kitambi chake, hata lile debe tupu la mtama, na angelilipokea kwa furaha mbele yao wote.

Eliana akatua boksi lake la chupa. Akakunja goti kidogo, akainamisha kichwa, kama anavyofanya binti mwenye adabu mbele ya mtu mzima asiyemfahamu.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Aa, mtani," Alute akanong'ona. "Nitukane, basi."

Eliana alibaki vile vile, goti limekunjwa, anasubiri. Watu walikuwa wanatazama, na shikamoo haikataliwi. Alute akaitika marahaba, na Eliana akainua boksi lake akaendelea na kazi.